Karanga za Mama Hazina Bei

Nilipoanza kuuza siagi ya karanga mtandaoni, Mama alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Nawataja mwanzoni kabisa kwa sababu wakati ule sikuwataja popote. Wao walikuwa kijijini kwetu Haneti, kwenye zizi la miiba nyuma ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa mjini, mtaa wa Miyuji, kwenye chumba na sebule vya kupanga, natafuta namna ya kuishi baada ya mkataba wangu wa muda kwisha kwenye ofisi moja. Mbuzi wale ndio waliokuwa akiba ya Mama, na hakuwa na nyingine. Kwetu mvua ikigoma, na inagoma mara nyingi kuliko inavyokubali, mwenye mbuzi huuza mmoja akanunua mahindi. Asiye na mbuzi huanza kuwahesabu ndugu zake.

Karanga alinitumia yeye. Kiroba cha kwanza kilikuja na gari la abiria, karanga zimeshamenywa na kupepetwa, na mzigo umeshalipiwa nauli. Nikazikaanga, nikazipeleka mashineni kusagwa, nikapaki kwenye makopo ya nusu kilo na kubandika lebo niliyochorewa na mwanafunzi mmoja wa chuo cha Chimwaga: asilia, kutoka kwa mkulima mpaka mezani kwako. Picha niliipiga dirishani, asubuhi. Kwa siku mbili makopo yote yakaisha, na nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya biashara.

Nikampigia Mama kumuuliza nimtumie shilingi ngapi za karanga.

"Mimi nikuuzie wewe karanga?" akasema. "Kwani wewe mteja? Majirani wakisikia watasema nini, kwamba nimezaa nikafungua na duka?"

"Mama, ni biashara. Lazima nijue gharama."

"Gharama gani? Karanga zimetoka shambani kwangu, zimekuja kwa mwanangu. Zimeisha?"

"Zimeisha, Mama."

"Basi," akasema, na nilisikia kabisa kwamba anatabasamu.

Mimi si mtu wa kufanya mambo ovyo. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na ukurasa wa kwanza niliandika kwa kalamu nyekundu ule msemo wa madukani, mali bila daftari hupotea bila habari. Nikachora safu: kopo, lebo, kusaga, bando, makato ya kutuma pesa, bodaboda. Kila senti iliyotoka ilikuwa na mahali pake. Kwenye safu ya karanga nilikwama. Kuandika sifuri niliona ni utovu wa adabu, ni kama kusema Mama hakutoa kitu. Kwa hiyo nikaandika "Mama", na kiroba kilichofuata nikaandika "Mama" tena. Ukijumlisha ukurasa, neno hilo halijumlishiki, unalipita tu.

Kopo niliuza elfu saba. Ukitoa vyote vilivyokuwa na tarakimu, inabaki elfu mbili na mia saba, na hiyo ndiyo niliyoiita faida. Na kwa kuwa nilikuwa na faida, nikawa na mkono mwepesi. Wateja wa mtandaoni mnawajua, na kama wewe ni mmoja wao, unajijua. Hawakusalimii. Wanaandika "Bei?" chini ya picha ambayo bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Ukiwajibu, wanaandika "Bei ya mwisho?" Nilikuwa napunguza elfu moja bila kufikiri. Nikatangaza usafiri ni bure ndani ya jiji, na bodaboda nikamlipa mimi. Kuna dada mmoja alinirudishia makopo matatu kwa sababu mafuta yalikuwa yamepanda juu, akidhani yameharibika. Nilimpelekea mengine na kumwomba radhi, na yale matatu nikayala mwenyewe kwa hasira.

Mambo yalikwenda hivyo misimu mitatu. Kila kiroba kilipokwisha Mama aliuliza "Zimeisha?" nami nilijibu "Zimeisha". Mara mbili nilimtumia pesa ya sabuni na sukari, na nikajisifu moyoni kwa kumkumbuka mzazi.

Msimu wa tatu kiroba kilikuja nusu. Nikaenda kwa mwanamke mmoja wa Kondoa mwenye duka la nafaka mtaani kwetu, mkubwa kwangu kidogo, anayeita kila mtu mdogo wangu na hapunguzi bei hata ya kibaba. Nilitaka kilo kumi za kujazia. Aliponitajia bei nikacheka, nikamwambia huko kwetu karanga nazipata bure.

"Bure kivipi, mdogo wangu?"

"Za mama yangu."

Akaweka chini kikombe chake cha kupimia. "Shamba alilima nani? Na mama yako huyo ana miaka mingapi?"

Nikamwambia mimi si wa kubahatisha, kila kitu nakiandika daftarini. Akaniomba daftari, nami nikalitoa kwa maringo. Akashuka na kidole kwenye safu yangu ya Mama, Mama, Mama, ukurasa baada ya ukurasa. Hakucheka, na laiti angecheka. Akachukua kalamu, akaniandikia pembeni: karanga za kopo moja kwa bei ya dukani kwake, elfu mbili na mia mbili. Faida yangu ikawa shilingi mia tano, na kila kopo nililowahi kupunguza elfu moja likawa hasara.

"Kama hujalipa wewe, kuna mtu kalipa," akasema. "Nenda nyumbani kaulize."

Jumamosi yake nikapanda gari kwenda Haneti. Njiani nilikuwa bado nabishana naye kichwani. Nilijiambia kwamba bei ya dukani ina faida ya mwenye duka, kwamba shambani ni tofauti, kwamba Mama hulima kama alivyolima siku zote. Nilifika mchana. Mtama wa mwaka ule ulikuwa umesimama mfupi, umekauka kabla ya kubeba. Jirani yetu aliyekuwa mlangoni kwake akanisalimu, "Mbukwa," nikaitika, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Zizini kulikuwa na mbuzi wawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema unakuja?"

"Mama, mbuzi wako wapi?"

Alisema wapo malishoni. Nikamwambia malishoni hakuna hata jani. Ndipo akakaa kwenye kigoda, akaanza kunieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Zamani akipika pombe ya mtama na chakula, watu walikuja kumlimia. Sasa wanataka pesa mkononi, na mgongo wake hauinami tena. Kwa hiyo alikodi maksai kulima, akauza mbuzi. Palizi ikaja, akauza mwingine. Mbegu, mwingine. Wanawake wa kumenya karanga, maana tangu mwanzo nilimwambia wateja hawatataka zenye maganda, mwingine. Nauli ya kiroba ilitoka kwenye chenji.

Tulihesabu kwa vidole, misimu yote mitatu, na wote tisa wakapatikana. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi hata leo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbuzi ni wa shida," akasema, "na wewe ulikuwa na shida."

Nikamwambia ile haikuwa biashara, nilikuwa nauza mbuzi zake kwa vijiko, tena kwa punguzo. Nililia, na hasira zangu zikamwangukia yeye, ambaye hakustahili. Nikamwambia naacha. Sura yake ikabadilika, akaniuliza polepole kama basi wateja hawakuzipenda karanga zake.

Nilipoaga, alitoa kiroba kidogo kutoka uvunguni. Ilikuwa mbegu ya msimu ujao. Nikakataa, akasema mvua yenyewe haipo, atapanda nini kwenye vumbi. Nikakataa tena, akageukia ukuta ili nisimwone anavyolia. Nikakichukua.

Nimefanya hesabu upya, safari hii kwa bei ya mbuzi. Nikipandisha kopo mpaka lilipe gharama yake ya kweli, hakuna wa kulinunua, maana wenzangu wanauza elfu saba na wengine sita, na sijui nyuma yao kuna mama gani. Nikibaki elfu saba, kila kopo linanipeleka mbali zaidi na mbuzi wa kumrudishia. Ofisini nimeomba, sijaitwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi wa kwangu namlea bila msaada.

Mbegu ile nimeikaanga, nimeisaga, imetoa makopo tisa. Kwenye safu ya karanga nimeandika "Mama", kwa kuwa kila tarakimu niliyojaribu kuiweka pale ilikuwa ndogo. Manane yameshatoka. La tisa nimelipigia picha dirishani, na muda si mrefu mteja akaandika, bila salamu, "Bei ya mwisho?"

Nikampunguzia elfu moja, na usafiri bure, ili jioni nimpigie Mama nimwambie zimeisha.