Tairi Nililolipaka kwa Mazishi

Pikipiki yangu iliundwa kwa ajili ya watu wanaovuka nchi nzima kwa lami safi. Ilikuwa na silinda nne, kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti ambacho ungekalia kutwa bila mgongo kulalamika. Niliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao baada ya kumaliza kujenga barabara. Mimi niliitumia kukusanya habari za redio kati ya Migori na Homa Bay: kesi za mahakamani, mashimo ya dhahabu yaliyoporomoka Masara, malori yaliyokwama mpakani Isebania.

Tatizo lake lilikuwa tairi la nyuma. Tairi la bodaboda unalipata kila kona, limening'inizwa nje ya duka pamoja na ndoo na kamba. Tairi pana la pikipiki kama yangu ilibidi liagizwe Nairobi, na bei yake ilinishinda. Migori nzima tulikuwa wawili tuliokuwa na pikipiki za aina ile, mimi na mwalimu mmoja wa fizikia. Yeye alikuwa amekwisha kumaliza matairi matatu ya bei rahisi, na aliyazungumzia kama mtu anayewazungumzia wakwe.

"Ukiwa wima, ni tairi," aliniambia. "Ukilala kwenye kona, ni sabuni. Likiwa jipya ndio mbaya zaidi, lina utelezi wa kiwandani. Lisugue na msasa, halafu uende nalo polepole siku mbili tatu. Usiliamini kabla halijachubuka pembeni."

Nilinunua moja kama hilo Isebania, gumu kama kwato. Fundi alilifunga siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi kulikuwa na mazishi.

Aliyekufa alikuwa mwendesha boda wa Awendo. Kila pikipiki yangu ilipoharibika ni yeye aliyenibeba. Lori la miwa lilimgonga kwa nyuma na dereva wake akakimbia. Mwili ulikuwa mochari Homa Bay, na wenzake walipanga kuusindikiza hadi nyumbani. Mwenyekiti wa steji yao, mwanamume mpole mwenye filimbi ya refa shingoni, alinijia gereji jioni ile ya Alhamisi.

"Ripota, hiyo punda yako kubwa ndio itatangulia. Marehemu alikuwa anaipenda."

Nilikubali. Mwendesha boda wa kwetu haendi kumzika mwenzake na pikipiki chafu. Huiosha, hufunga matawi mabichi kwenye usukani, kisha huchanganya oili chafu na rangi nyeusi ya viatu na kupaka matairi kwa brashi, yote, hadi pale yanapokanyaga, ili yawe meusi kama viatu vya mfiwa. Kwa pikipiki ndogo hakuna madhara. Tairi lake lina meno, vumbi hulifuta kabla halijafika mbali, na mwenye nayo haiinamishi sana.

Nilichukua brashi mwenyewe. Fundi alisimama akinitazama, kitambaa begani.

"Pembeni pia?" akauliza.

"Kote."

"Si mwalimu alisema—"

"Mwalimu haendi mazishi."

Alicheka. Mimi pia nilicheka.

Tulitoka mochari asubuhi. Mbele nilikuwa mimi, nyuma yangu gari lenye jeneza, na nyuma yake pikipiki nyingi mno, honi zimebanwa, injini zikipiga milipuko kama risasi. Wengine walisimama juu ya viti vyao. Wengine walilala kifudifudi, miguu imenyooka nyuma. Kila tulipokutana na lori, matusi yaliruka na fimbo zikagonga mabati yake. Hasira ile ilikuwa ikitafuta pa kutua tangu tulipotoka mjini.

Anayetangulia msafara kama ule hanyooki. Huyumba kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na wote humfuata. Nilikuwa nayumba kidogo kidogo hadi tulipopita Rodi Kopany. Hapo barabara inakunja na kushuka. Wenzangu walikuwa wakipiga kelele, "Lalia! Lalia, omera, ndugu yetu!" Nikailaza pikipiki kama ambavyo sikuwahi kuilaza tangu tairi lile lifungwe.

Katikati ya tairi lami ilikuwa imekwisha kufuta rangi. Pembeni haikuwa imegusa kitu.

Tairi liliondoka. Sina neno lingine. Sekunde moja lilikuwa chini yangu na sekunde iliyofuata halikuwepo. Bega langu liligonga lami na nikasikia mfupa ukivunjika ndani ya mwili wangu, kama muwa unaovunjwa gotini. Niliserereka hadi upande wa pili wa barabara, na hapo ndipo nilipoinua macho nikaona lori. Lilikuwa lori tupu la miwa, likipanda kilima kuja upande wetu. Dereva wake alikata usukani. Lori liliniacha kwa urefu wa mkono, likakanyaga gurudumu la mbele la pikipiki yangu na kutumbukia mtaroni, pua chini.

Naandika mfuatano huu kama ulivyokuwa kwa sababu kila kitu kinategemea huo: tairi kwanza, lori baadaye. Nilijua hivyo nikiwa bado nimelala pale.

Mwenyekiti alinifikia wa kwanza. Alipiga magoti, akaishika kofia yangu kwa mikono miwili.

"Omera, ni yeye?" akauliza, akielekeza kidevu kwa dereva wa lori.

Nyuma yake walisimama watu kama thelathini, na wengine walikuwa wanafika mbio. Kote huku mwendesha boda akianguka, aliyeanguka huulizwa kwanza. Jibu lake ndilo hukumu. Wote walikuwa wakiutazama mdomo wangu. Nilifikiria brashi. Nilifikiria mwalimu, na fundi aliyecheka, na hawa wote ambao wangejua kwamba mtu wa pikipiki kubwa ameanguka peke yake kwenye kona ambayo wao huipita wakiwa na mbuzi nyuma.

"Lori," nikasema.

Katika kazi yangu neno moja lisilo na kitendo si habari. Hawakuhitaji kitendo.

Walimtoa dereva kupitia dirishani kwa sababu mlango ulikuwa umebanwa na ukingo wa mtaro. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, amevaa sweta la kahawia. Alianguka kwa kichwa. Wa kwanza alimpiga na kofia ya pikipiki, na kofia ile ikapasuka. Wa pili alikuwa na mnyororo. Walichomoa mabaki ya miwa kwenye lori wakampiga nayo hadi yakachanika nyuzi nyuzi, kisha wakaokota mawe.

"Nimemkwepa!" alikuwa akilia. "Wanangu, nimemkwepa! Muulizeni!"

Aliomba kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, lugha ya hao waliompiga, na hilo halikumsaidia.

"Mwenzako alitoroka," mmoja alimwambia akivuta pumzi kati ya pigo na pigo. "Leo utalipa yake na yako."

"Muulizeni yule kijana!"

"Ameshaongea."

Mtu alimkanyaga usoni kwa kisigino. Niliona. Bega lilikuwa limevunjika lakini macho yangu yalikuwa mazima, na niliona damu ikitoka kwenye jicho lake la kushoto, si kando yake bali ndani yake. Hata wakati huo sikusema kitu. Nilikuwa nimekwisha kutoa taarifa na nilikuwa nangoja iishe yenyewe.

Kisha kijana mmoja aliinamisha pikipiki yake, akachomoa mpira wa mafuta na kuanza kujaza chupa ya soda.

Nilitambaa. Pikipiki yangu ilikuwa imelala hatua chache kutoka kwangu, gurudumu la nyuma likielekea juu. Nilichana utepe mweupe wa mazishi uliokuwa umefungwa kwenye kioo, nikausugua ukingoni mwa tairi. Ulitoka mweusi, unameta.

"Mwenyekiti!" Ilibidi niite mara tatu. "Mwenyekiti, angalia hii."

Alikuja akidhani ninakufa. Nilimtia utepe mkononi.

"Nini hii?"

"Rangi ya viatu na oili. Nilipaka mimi. Tairi ndilo liliteleza. Huyo mzee amenikwepa, ndio maana yuko mtaroni."

"Ripota amegonga kichwa," mtu alisema nyuma yake. "Anaota. Mwache."

Mwenyekiti aliinama, akapitisha kidole kwenye tairi, akakinusa. Harufu ile aliijua, kwa maana alikuwa ameipaka pikipiki yake mwenyewe jana yake. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda.

"Na mbona ulisema lori?"

Hakungoja jibu. Alitia filimbi mdomoni, akaenda akasimama juu ya yule dereva, miguu huku na huku ya mwili wake, akapuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alipigwa. Mnyororo ulimpata mgongoni na jiwe likampata kwenye goti kabla hawajaona ni nani wanampiga.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Ni tairi! Mnasikia? Ni tairi ya huyu bwana!"

"Sasa tumpige nani?" aliuliza yule wa chupa, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyenyang'anywa chakula.

Akaimwaga petroli kwenye kiti cha lori na kuwasha kiberiti. Hilo hatukulizuia. Gari la jeneza lilirudi nyuma ili lisishike moto, na mama wa marehemu, ndani yake, alikuwa ameifunika picha ya mwanawe kwa leso.

Dereva alipelekwa hospitali kwa bodaboda, amebanwa katikati ya wanaume wawili ili asianguke. Aliyemshikilia kwa nyuma, akimkumbatia kifuani, ndiye aliyekuwa na mnyororo. Bado ulikuwa umening'inia kiunoni mwake.

Mimi nilifuata nyuma kwa gari la mtu. Walitulaza wodi moja, vitanda viwili vikitutenganisha. Siku ya tatu, mkono wangu ukiwa umefungwa kifuani, nilikwenda nikaketi kando yake. Kichwa chake chote kilikuwa bandeji, isipokuwa jicho la kulia na mdomo. La kushoto walikuwa wamelitoa.

"Shikamoo, mzee."

"Wewe ndiye ulisema lori."

"Ndiyo."

"Nilisikia. Dirisha lilikuwa wazi. Kwa nini?"

Nilimwambia. Tairi la bei rahisi, brashi, mwalimu, kona. Nikamwambia kwamba niliona aibu.

"Aibu," alisema, kama dereva anayetajiwa kituo asichokijua. Kisha akaniambia jambo lililokuwa likimsumbua kuliko jicho, au alilotaka niamini kwamba linamsumbua zaidi. Mwenye lori alikuwa amesikia kwamba dereva wake amemgonga mtu wa msafara. Polisi walikuwa wamesikia hivyohivyo. Nyumbani kwake Isebania walikuwa wamesikia hivyohivyo. "Watu wanakujua kwa sauti," alisema. "Mimi nani atanisikiliza? Sema wewe. Kwa redio, vile unasemaga habari. Na uanze na ile neno."

Nilitoa simu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi palepale kitandani kwake. Nilianza na ile neno. Nilisema nililitamka mimi, kwamba halikuwa kweli, na kwamba nilijua si kweli wakati nikilitamka. Nilieleza tairi na rangi. Nilieleza kona, na usukani uliokatwa ili mimi niishi, na lori lililochomwa. Nilitaja mahali na siku, nikafunga kama ninavyofunga kila taarifa, kwa sauti ileile. Kisha nikazima, nikamwekea simu sikioni asikilize.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono wake umeshika waya wa dripu.

"Umesahau jicho," akasema.

Niliifuta taarifa ile. Nikabonyeza kitufe tena, nikaanza upya kutoka mwanzo.