Pale Konsolata Aliponyamaza

Jumuiya yetu ya sala kijijini Kichiwa ilimchagua Konsolata kuwa mwenyekiti kwa sababu ya macho yake. Kila tulipofika katikati ya Baba Yetu, pale pa kusamehe na kusamehewa, alifumba macho, akafunga na mdomo, kisha akaungana nasi mbele kidogo. Tukasema, mama huyu anasali mpaka maneno yanamwishia. Mwaka 1992 tukampa kura zote. Mimi Devota ndiye katibu, nilizihesabu mwenyewe.

Wajinga sisi. Konsolata alikuwa hasali pale, alikuwa anakataa.

Alikuwa mjane, mlima viazi na mfumaji wa masweta, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Yudita. Mwaka 1988, siku zile biashara huria zimefunguliwa na kila mwenye gari ni mfalme, Yudita alishikwa na uchungu wa uzazi asubuhi na mapema, mtoto akakataa kutoka. Gari kijijini lilikuwa moja, pikapu ya Kasimiri, jirani yetu. Konsolata alikimbia akasimama mbele ya gari hilo. Kasimiri akamwambia, "Mama Yudita, mzigo umeshafungwa na tajiri ananisubiri Makambako. Nikirudi nitampeleka." Akazunguka pembeni yake, akaenda. Tulimbeba Yudita kwa machela ya miti kuelekea hospitali. Hatukufika. Mtoto naye tulimzika tumboni mwa mama yake.

Kasimiri alikuja msibani na gunia la mahindi. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba hakuelewa kuwa hali ilikuwa mbaya kiasi kile. Watu walipokea, maana kesho wangehitaji lifti. Mimi nilipanda gari lake wiki iliyofuata, na bado naona haya kulisema.

Konsolata hakupanda tena. Alibeba masweta yake kichwani mpaka Makambako, na pikapu ilipompita hakugeuza hata shingo. Zamu ya kusali nyumbani kwa Kasimiri ilipofika, alisimama mlangoni mwanzo hadi mwisho. Uji akapewa, akaumwaga nje mbele ya mwenye nyumba. Akaniambia, "Devota, nasubiri. Siku moja atanihitaji."

Siku hiyo ilifika mwaka 1994. Emilia, binti wa Kasimiri, alipata mchumba, Lenard wa Mlangali. Kwetu padre hatangazi ndoa bila barua ya jumuiya, na barua haina maana bila sahihi ya mwenyekiti. Niliiandika vizuri nikampelekea Konsolata. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la majani ya chai na kufunga kifuniko.

Wiki tatu ikakaa humo. Upande wa Lenard wakaanza kuuliza binti ana kasoro gani. Padre akasema barua isipofika Jumapili, arusi ya Agosti haipo. Emilia akakonda. Nami nilifurahi, nisiwadanganye. Nilimtazama Kasimiri akihangaika nikajisemea, onja na wewe.

Alhamisi jumuiya ilisali nyumbani kwa Konsolata. Tulikaa tumezunguka jiko la mkaa, baridi ya Juni imetubana. Kasimiri aliingia na Emilia. "Kamwene," akasalimia, sauti imepungua. Katekista Alfonsi, mzee asiyependa kuzungushwa, akamgeukia mwenyekiti. "Mama, barua ya mtoto iko wapi?"

"Ninayo."

"Kwa nini hujaisaini? Wewe ndiye mwenye sala kuliko sote."

Konsolata akacheka, kicheko kibaya. "Nani kawaambia? Pale mnaponiona nimefumba macho, sisali. Nanyamaza. Miaka sita sijalitamka neno lile la kusamehe, kwa sababu simsamehe huyu, na Mungu siwezi kumdanganya usoni. Mlinichagua kwa chuki yangu. Mchagueni mwingine."

Tulidhani Alfonsi atamkemea. Mzee alikuna kidevu. "Kumbe katika jumuiya hii ni wewe tu unayeyasikiliza maneno ya sala hiyo," akasema. "Mimi huwa nayapita mbio. Sasa unataka nini?"

"Nataka aulizwe hapa, mbele yenu." Akamgeukia Kasimiri. "Baba Emilia, ulikuwa umepakia magunia mangapi?"

Kasimiri akatazama mkaa. "Kumi na mawili. Lumbesa, yote yamefurika."

"Ungeshusha mangapi ili mtu apate pa kulala?"

Emilia alikuwa anamtazama baba yake, na nadhani hilo ndilo lililomvunja.

"Manne," akasema. "Nilihesabu siku ileile, njiani. Na nilielewa, Mama Yudita. Ulikuwa na damu kwenye kitenge. Nilielewa."

Nilitaka Konsolata ampige, kwa kweli nilitaka. Akainuka, akaenda kwenye kopo lake la chai, akaifunua barua juu ya goti na kuisaini kwa kalamu yangu. Ilinuka majani ya chai. Akampa Emilia, si baba.

"Hii ni yako," akamwambia. "Kila Novemba unalipalilia kaburi la Yudita, nakuona. Nami nimekukalia barua wiki tatu kwa kosa ambalo si lako. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," Emilia akasema, analia.

"Na mimi, Mama Yudita?" Kasimiri akauliza.

"Wewe bado. Labda nitafika, labda nitakufa sijafika. Ila sitajifanya."

Alfonsi akaanzisha Baba Yetu. Tulipofika pale, nilimsikia Konsolata kwa mara ya kwanza tangu 1988. Aliomba asamehewe makosa yake, kwa sauti kubwa, akimtazama Emilia. Kisha ikaja nusu ya pili, ile ya kuwasamehe waliotukosea. Akanyamaza. Jumuiya nzima ikanyamaza naye, na Kasimiri akainama akasubiri kimya hicho kiishe.