Finjani Iliyowekwa Chini

Nadhir bin Khalaf hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alizaliwa Unguja, akahamia Ibra, huko Omani, akiwa mtu mzima, na mwaka 1983 alipoteuliwa mjumbe wa baraza la ushauri, aliwaambia wakubwa Maskati waziwazi kwamba visima vya mashine vinakausha falaji, ile mifereji inayonywesha mitende. Watu wa bustani za chini, mwisho wa mifereji hiyo, wakampenda kwa hilo.

Siku moja akatembelewa na Mahrous, mwenye bustani kubwa, aliyewahi kuwa na duka Pemba. Nadhir akammiminia kahawa. Mgeni akaiweka finjani chini, hakuionja.

"Kunywa, shekhe."

"Nina haja."

"Haja yako imeshatimia. Kunywa," akasema Nadhir, maana kwao Unguja mgeni haachwi kahawa ikimpoa.

Mahrous akanywa, akatikisa finjani kuonyesha ametosheka, ndipo akaitaja haja yenyewe. Anataka kuchimba kisima cha mashine juu kabisa, penye chanzo cha falaji, na Nadhir amsemee wizarani.

Mgeni alipoondoka, mkewe Hamda, mzaliwa wa Ibra, akaja kumkabili.

"Umeshampa haja yake, Baba Aliya. Huku mtu akiweka finjani chini, humwambii anywe mpaka ujue anataka nini. Ukimwambia, umekubali."

"Wallahi sikujua."

"Miaka yote hii unakunywa kahawa yetu, nani atakuamini?"

Kweli, hakuaminiwa. Sokoni wakasema mjumbe amenunuliwa, kisima kina fungu lake. Nadhir aliumia. Akimsemea Mahrous, atawakaushia watu mitende. Akikaa kimya, watasema hawa waliotoka Zinjibari hawashiki ahadi, na maneno hayo wenzake waliotoka huko walikuwa wameshayasikia ya kutosha.

Rafiki yake Azzan akamletea ujanja. "Msemee mbele za watu, kisha mnong'oneze mkubwa akatae. Uso wako utabaki mweupe."

"Huo uso nitautazamaje kwenye kioo?" akajibu Nadhir, akavaa kilemba chake.

Baada ya alasiri akaingia sabla, baraza ya wanaume wa mtaa. Mahrous alikuwepo, na wenye bustani za chini wamepanga migongo ukutani. Mahrous akammiminia kahawa kwa mkono wake. Nadhir akaiweka finjani chini.

"Nina haja," akasema.

"Itaje kwanza," akasema Mahrous, na wawili watatu wakacheka. Yeye hakuwa mgeni wa mila.

"Nirudishie neno langu. Nilikupa bila kujua natoa nini. Kosa ni langu, lakini maji si yangu."

"Na nisipokurudishia?"

"Nitakwenda Maskati nikusemee, kama nilivyoahidi. Kisha nitawaeleza, wewe ukisikia, kwa nini wakukatalie. Na kiti chao nitawarudishia."

Mahrous akawatazama wale wa ukutani. Hakuna aliyemsaidia kwa neno wala kwa macho. Kahawa ikapoa kabisa, na Nadhir hakuigusa wala hakuinuka. Kama ni kukesha, angekesha.

"Kunywa," akasema Mahrous hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nadhir akainywa, baridi na chungu, mpaka kwenye mashapo.

Tangu hapo nyumbani kwake mgeni hakumiminiwa kahawa mpaka aseme kilichomleta. Ibra ikamwita mjumbe bakhili, tusi kubwa katika mji ule. Hamda aliona haya kila mlango ulipobishwa. Nadhir akalibeba jina hilo muda wote wa ujumbe wake, na falaji ikaendelea kutiririka mpaka bustani za chini.