Mstari wa Kwanza wa Ujumbe

Mpaka leo, kijisanduku cha ujumbe kikichomoza pembeni mwa kioo cha kompyuta yangu, huacha kila kitu nikausoma ujumbe wote. Zamani hicho ndicho kilichokuwa fahari yangu.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi moja ya Diani, kupangisha nyumba za wageni kule Galu. Kompyuta niliyopewa ilikuwa kongwe, memori yake haba. Nikifungua brauza tu, inaanza kuvuma na kuganda, na mgeni huku anataka jibu. Ndipo nikazigundua programu ndogondogo za kuwekwa kwenye kompyuta: moja ya barua pepe, moja ya kalenda, moja ya ujumbe wa simu. Kila moja na kazi yake, nyepesi, inafunguka hata hujakaa vizuri kitini. Brauza nikaipa talaka tatu. Nikawa sina habari nyingine ya kuzungumza, hata wenzangu wakiniona naja wanasema, "Haya, mhubiri kafika."

Niliyoipenda kuliko zote ni ile ya ujumbe. Ujumbe ukiingia, kijisanduku kinatokea pembeni na kukuonyesha mstari wa kwanza, kisha kinatoweka. Unajua ni nani, unajua anataka nini, na kazi haikatiki. Nilipokwenda nyumbani Jego nikatoa amri kabisa: "Jamani, msinipigie simu saa za kazi, bosi ananuna. Niandikieni, nitaona hapo hapo." Mama, ambaye neno langu hulishika kama la daktari, akaitikia.

Siku hiyo, saa nne kasorobo asubuhi, ukaingia ujumbe wa mama mdogo, nduguye mama. "Asalaam aleikum mwanangu. Hujambo? Natumai u mzima wa afya, nasi huku..." Kikatoweka. Nikatabasamu. Salamu za nyumbani hizo, nikasema moyoni, nitamjibu nikipata nafasi. Nilikuwa na mgeni analalamikia kiyoyozi.

Niliufungua saa nane na nusu, mkono mmoja ukiwa kwenye sahani ya wali. Salamu zilikuwa mistari sita, kama ilivyo adabu kwetu. Hatumwingilii mtu na shida mdomoni. Mstari wa saba ulisema mama ametapika damu tangu alfajiri, wako hospitalini Msambweni, anatakiwa aongezwe damu, na kundi lake ni lile adimu ambalo katika ukoo mzima ni mimi tu ninalo. "Njoo upesi mwanangu."

Nikaisukuma sahani kando. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikatoka mbio bila kuaga mtu, nikapanda bodaboda, na njia nzima, Mwabungo, Gazi, nilikuwa nahesabu kwa vidole: karibu masaa matano. Niliogopa vibaya sana. Niliogopa kuchelewa, na niliogopa kufika. Nikajiona nimekaa matangani nawaeleza watu kwamba ile programu ilikuwa nyepesi mno.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Habari za kazi?"

"Njema."

"Na wenzio hawajambo?"

"Hawajambo." Nilimkazia macho usoni nikitafuta machozi. Sikuthubutu kumkata kauli, maana nilihisi ana jambo zito na anatafuta pa kulishikia.

"Mama yako yu hai," akasema mwishowe. "Lakini kalegea sana. Ingia ukatoe damu."

Nilitoa. Ikapimwa, akatiwa. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama inavyoshuka tone kwa tone, nikiogopa hata kupepesa jicho, kwa kuwa nilijiambia nikipepesa tu ataondoka. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo imekauka. Nilisoma kila dua ninayoijua, na nyingine nilikosea.

Alasiri ikielekea kwisha, akafumbua macho. Akanishika kidole.

"Hawa walitaka kukupigia simu," akasema kwa sauti ndogo. "Nikawakataza. Nikawaambia, mwanangu ameshauona ujumbe, yuko njiani."

Nilikuwa nimeuona.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuwa njiani."