Ng'ombe wa Baba Kwenye Fomu

Fomu ya kuomba msaada wa karo ilitaka kwanza kujua mama anapata kiasi gani kwa mwaka, na hilo tulibishania siku tatu. Mama hununua mayai kwa wafugaji wa upande wetu wa Uganda, anayavusha kwa trei na kuyauza Busia ya Kenya. Kuna siku anarudi na faida, na kuna siku boda boda inaruka shimo na faida yote inamwagika barabarani.

"Andika napata cha kula," alisema.

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Tulikadiria tukaandika. Ukurasa uliofuata ndio uliotushinda. Ulikuwa wa mzazi asiyeishi nawe.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita huko Tororo. Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa ameniambia kwamba viko vyuo vikuu Marekani, vile vikubwa ambavyo hata watoto wa matajiri hukataliwa, ambavyo huangalia kipato cha wazazi wako, na kile wasichoweza kulipa, chuo kinalipa. Nilidhani ananitania. Niliomba kimoja. Sasa chuo kilikuwa kimeandika kwamba sehemu ya baba haijajazwa na nina wiki mbili.

"Andika hayuko," mama alisema.

"Yuko, mama."

"Kwangu hayuko."

Nilimpelekea mwalimu neno hilo. Akatikisa kichwa. "Ungekuwa hujui alipo, ningekuandikia barua ya kueleza hivyo. Lakini unajua."

Nilijua. Alikuwa kijijini kwao Merikit na mke mwingine, na sikuwa nimemwona kwa miaka sita.

Siku zile sikuweza kukaa. Nilitoka nyumbani nikatembea hadi geti la forodha, nikapita kati ya malori yaliyopanga foleni, nikawapita wabadilishaji fedha na vibunda vyao, kisha nikarudi njia ileile. Nikianza kuosha vyombo naviacha katikati. Mama alivimalizia mwenyewe. Siku ya nne tangu chuo kiandike niliondoka asubuhi kabla hajarudi kutoka ng'ambo. Sikumuaga.

Nilipanda gari hadi Tororo, na kutoka hapo nikapata jingine hadi Mukuju. Mukuju mwendesha boda boda alitaka kungoja abiria wa pili, nami sikuwa na uwezo wa kungoja chochote, nikaanza kwenda kwa miguu. Alinikuta mbele akanipakia peke yangu.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, akifungua ng'ombe kwenda malishoni. Alinitazama, kamba mkononi.

"Mama," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa sababu nina jina la mama yake. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Mkewe alileta viti na sahani ya karanga, akaketi karibu na mlango. Mama ni Msamia, baba ni Mjapadhola, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kutukutanisha. Cha baba kilikuwa kimechakaa kwa kukosa wa kuongea naye. Nilimweleza habari ya chuo, kisha habari ya fomu.

"Hao watu nataka kujua mimi napata ngapi?"

"Kwa mwaka. Na mali uliyo nayo."

Alimenya karanga moja, asiile. "Watajua niliwaacha?"

"Fomu haiulizi hivyo, baba."

"Lakini watajua."

Ukurasa wenyewe uliitwa "mzazi asiyeishi nawe". Baba akaelekeza kidole kwenye wanyama waliosimama uani. "Andika ng'ombe kumi na moja."

Nilimwona mkewe akiinamisha uso. Nililiona hilo, na bado niliandika kumi na moja. Nilitaka kumaliza niondoke. Nilimfungulia baba barua pepe, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, nikampa simu abonyeze mwenyewe mahali pa kutuma. Alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anatia sahihi hatimiliki ya shamba.

Mwezi wa tatu chuo kilinikubali. Msaada ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoweza kuota, ila palibaki kiasi ambacho familia ilipaswa kulipa kila mwaka. Mwalimu alipiga hesabu akasema ni kama ng'ombe watatu. Walikuwa wameiangalia mali ya baba.

Nilimsomea mama ile barua. Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Ng'ombe gani? Wale ni wa kaka yake anayefanya kazi Kampala. Baba yako anachunga tu. Wake ni wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliondoka bila kuaga."

Nililiandikia kosa hilo, na chuo kilikubali kuangalia upya, lakini kilitaka barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nikarudi Merikit. Nilimkuta baba barabarani, nikamweleza kabla hatujafika nyumbani, ili mkewe asisikie. Hakubisha. Alipitia kofia yake nyumbani, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nilitarajia tutamkuta peke yake. Palikuwa na wanaume wawili waliokuja na kesi ya mpaka wa shamba, na wote wawili walimjua baba. Mwenyekiti alichukua karatasi na kalamu.

"Ng'ombe wako ni wangapi?"

Baba alinitazama. Nikatazama muhuri uliokuwa mezani.

"Wawili," alisema.

"Na wale wengine?"

"Nachunga tu."

Mmoja wa wale wanaume alimgeukia, kisha akaangalia pembeni. Mwenyekiti aliandika polepole, herufi moja moja, na muda wote huo baba alisimama kofia mkononi kama mtuhumiwa. Mimi miguu ilikuwa inanicheza chini ya benchi. Nilitamani kumwambia mwenyekiti aache, kwamba tutauza chochote, nitasoma hapahapa. Lakini nilihitaji ile barua.

Wakati wa kurudi alitembea mbele, haraka, nikawa nakimbia kidogo ili nimfikie.

"Mwaka kesho watauliza tena?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," nilimwambia. Sikujua.

Lile deni la ng'ombe watatu likafutwa, na mwezi wa nane nikasafiri. Mama alinisindikiza hadi Entebbe akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana, akalalamikia vile viatu njia nzima badala ya kulia.

Huku nilijifunza kwamba fomu hujazwa kila mwaka. Ya pili ilipokuja, nilikaa nayo siku kumi. Nilizunguka maktaba, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Hatimaye nikampigia baba. Hata sikumaliza salamu.

"Ni ile karatasi?" aliuliza.

"Ndiyo."

Akataja kila kitu kwa mpangilio, mahindi, mihogo, ng'ombe, kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka na kuyakubali. Halafu akasema kuna mvua, anataka kuwahi kufunga wanyama, akakata simu. Nilikuwa nimetaka kumwambia kwamba nimefaulu mitihani.

Nilijaza, nikatuma, nikatoka nje. Nilitembea hadi barabara kubwa, nikageuka, nikatembea tena.