Siku Niliyocheza Mbuzi Mbele ya Wakwe

Nitasema mwenyewe, maana Matsangoni nzima imeshalisema na kila mmoja ameongeza lake. Ni kweli. Mimi bibi wa watu, mwenye magoti mabovu na sura isiyochekacheka, nilisimama katikati ya ukumbi wa harusi Malindi, nikashika kiuno, nikacheza mbuzi. Na kwa ule mbuzi nilikaribia kumvunjia mjukuu wangu nyumba ambayo hata hajaingia.

Kwanza mnijue. Shule sikwenda sana, lakini macho ninayo, na kwa mambo ya runinga sishindwi kubishana na mtu. Nyimbo za vijana wa siku hizi naziona kama mfereji ulioachwa wazi, neno moja linadondoka weee mpaka usingizi ukushike. Sinema za Kihindi zilizotiwa Kiswahili nazitazama, ila wanalia mno (mtu analia muda wa wali kuiva, na nywele hazimtimki!). Katuni ndizo zenye adabu. Kwenye katuni mwizi ana sura ya mwizi, na mtu akianguka kutoka juu ya paa anainuka, anajipangusa, anakwenda zake. Katika umri wangu napenda kuona mtu akianguka akainuka.

Aliyenifundisha katuni ni Rukia, mjukuu wangu mdogo, naishi naye. Ana maradhi ya damu yanayomfinya mifupa, na yakimkamata hatoki mkekani, basi na mimi nakaa naye hapo hapo tukimtazama mbuzi mmoja wa katuni anayevaa viatu. Huyo mbuzi kila siku anateleza kwenye matope, jogoo anamcheka, halafu unapigwa muziki fulani, mbuzi anainuka, kwato moja kiunoni, kwato nyingine anamnyooshea jogoo, anatikisa matako. Siku Rukia akiweza kuinuka na kufanya vile, najua maumivu yamepungua. Tukawekeana ahadi kwamba tukiusikia muziki ule popote, tutasimama pamoja.

"Hata sokoni, Hawe?" akaniuliza. (Hawe ndiyo bibi, kwetu Wagiriama.)

"Hata sokoni."

"Hata msikitini?"

"Msikitini hakuna mbuzi. Lala."

Sasa dada yake Rukia, Mwanajuma, huyo niliyemlea tangu anyonye, akapata mchumba Malindi, mtoto wa Bi Zena. Watu wa mji wa kale, nyumba za ngazi, Kiswahili chao kimenyooka. Walipokuja kwetu kuposa niliamka alfajiri nikakuna nazi mwenyewe, na Bi Zena akaushika wali wangu kwa ncha za vidole, akaacha sahani kama ilivyoletwa. Wanawake wote waliona. Mimi nikaondoa sahani kama sikuona, ingawa (nisiwe mwongo) liliniuma.

Nikaha ikasomwa. Kesho yake alasiri ikawa taarabu ya wanawake, na siku ya tatu bibi harusi apelekwe kwa mumewe. Taarabu yetu mnaijua: mwimbaji akiimba neno linalokugusa, unasimama na noti yako unakwenda kumtunza, na ukimtunza huku umemkabili mtu, basi lile neno umempa yeye, na ukumbi mzima ni shahidi. Kwa hiyo mimi kwenye taarabu huwa nakaa. Na siku ile nilikuwa nimekaa vizuri tu, Rukia pembeni yangu, siku yake ya kwanza kutoka mkekani baada ya wiki mbaya, mara yule kijana wa kinanda (sijui alikosa muziki wake mwenyewe) akauingiza muziki wa mbuzi wetu katikati ya wimbo.

Rukia akanivuta buibui. "Hawe! Mbuzi wetu!"

Ningemwambia kaa chini. Hapo ndipo mkasa wote ungekwisha. Lakini nilimtazama yule mtoto, amesimama kwa miguu yake, ananingoja, na ahadi ni ahadi. Nikainuka. Na kwa kuwa sipendi kuonekana mshamba, nikatoa noti nimtunze mwimbaji kama watu wengine. Mkono mmoja kiunoni, wa pili mbele na noti yake, tukaenda tukitikisika, mimi na Rukia, na vigelegele vikalia, nikajiambia, kumbe tunapendeza.

Dada yangu Dama akanijia mbio na noti yake. "Mpe, dada! Mpe mpaka ajue! Tuko nyuma yako!"

"Nimpe nani nini?"

Hapo ndipo nikayasikia maneno. Mwimbaji alikuwa anamsema mgeni anayekwenda kwa watu akachezea chakula chao kwa ncha za vidole kama kimeokotwa jaani. Nikaufuata mkono wangu kwa macho. Kwato yangu ilikuwa imemnyookea Bi Zena pale kwenye kiti chake cha heshima, usoni kabisa.

Nikajaribu kurudi, lakini Dama amenisukuma, shangazi wa bwana harusi naye ameshainuka na noti anataka wimbo wa kujibu, na mwimbaji, kwa furaha ya noti, akalirudia neno lile lile. Bi Zena akakusanya buibui lake, akatoka na watu wake. Alipita mbele yangu hakunipa hata shikamoo.

Jioni Mwanajuma akapigiwa na mumewe: Mama amesema msubiri kwanza. Msubiri mpaka lini, hakusema. Mtoto amekaa na hina yake mikononi, hali, hanywi.

"Hawe, umenitoa kwenye nyumba kabla sijaingia."

Nikamweleza. Akanitazama sana. "Mbuzi, Hawe? Mbuzi?"

Asubuhi nikavaa leso safi, nikamchukua Rukia na simu ya dada yake, tukaenda Malindi. Nikapiga hodi, nikakaribishwa na sauti baridi. Sebule imejaa wanawake wa kwao. Bi Zena, mdogo kwangu kwa miaka mingi, bado shikamoo hana. Nikasema yote, bila kupinda.

"Mtu mzima na katuni?" akasema yule shangazi. "Tafuta uongo mwingine, mama."

"Rukia," nikasema, "washa."

Muziki ukalia kwenye simu. Nikaweka mkono kiunoni. Jamani, ukumbini kulikuwa na fujo na pafyumu, mtu anajificha humo. Pale sebuleni palikuwa mchana mweupe, wanawake kimya, mazulia ya watu, na mimi natikisa matako na goti linalia ka, ka, ka, mkono nimeunyooshea mlango ili usimguse binadamu yeyote. Rukia kando yangu anacheza huku machozi yanamtoka, maana alidhani kosa ni lake, na alipokosea hatua nilimnong'oneza, "Kwato ya kulia, mama." Tukamaliza. Hakuna aliyecheka.

Kisha Bi Zena akasema polepole, "Huyu mbuzi namjua. Wajukuu zangu wanamtazama. Mimi simpendi, ana majivuno. Afadhali yule punda wa jioni."

"Punda?" Nikasahau nilichofuata. "Punda yule hana hata akili ya kufungua lango!"

"Ana moyo! Mbuzi ana nini, viatu?"

Tukabishana, wallahi, mpaka kahawa ikaletwa. Ndipo akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ndogo, "Na ule wali, mama. Siku ile jino lilikuwa linaniuma. Niliona haya kusema kwenye nyumba ya watu. Harufu ya nazi yako nilirudi nayo mpaka huku."

Alasiri hiyo wakaja kumchukua Mwanajuma kwa vigelegele, na Bi Zena akaniinamia mbele ya Matsangoni nzima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jino je?"

Mimi na taarabu tena, wimbo lazima niusikie mpaka mwisho kabla sijainua hata kope. Lakini ahadi ya mtoto haivunjwi. Tumekubaliana upya, mimi na Rukia: muziki ule ukipigwa mbele za watu, tunakaa wima kama wageni wa heshima, mikono mapajani, na chini ya buibui tunacheza kwa vidole vya miguu.