Vichanja vya Magotini

Msimu wangu wa kwanza wa kuchambua kahawa pale Maguu ndio ulionifundisha kumdharau mtu mzima. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vinaishia magotini. Msimamizi wetu aliagiza kila nguzo ikatwe vipande viwili, kisha akajisifu kwamba ameokoa miti. Kutwa nzima tulikunjika, vichwa chini, makalio juu, tukiokota punje mbovu. Yeye alikaa nyuma yetu kwenye kiti cha plastiki alichokiwekea mto.

Jirani yangu kwenye kichanja alikuwa mama mmoja mwenye mikono myepesi kuliko sisi sote. Siku moja tulipoitwa kula, wote tuliinuka isipokuwa yeye. Alibaki vilevile, ameshika ukingo, jasho likimdondoka juu ya kahawa.

"Dada, kiuno kimekataa," aliniambia taratibu.

Tulimlaza juu ya magunia. Msimamizi alikuja, akamtazama kama mtu anayetazama baiskeli ya mwenzake iliyopata pancha.

"Huo ni uzee, mama. Fanya mazoezi."

"Mimi na wewe tulipata komunyo ya kwanza siku moja," mama alimjibu palepale alipolala.

Msimamizi alirudi kwenye mto wake.

Mama alikaa nyumbani wiki tatu. Wakati huo, wanawake sita tulibeba matofali kutoka tanuri la mume wangu, tukawahi kabla msimamizi hajafika, tukainua kila mguu wa kichanja hadi meza ikatufika kiunoni.

"Nani amewapa ruhusa?" aliuliza alipofika.

Tulikuwa tumesimama wima tukichambua, na kwa mara ya kwanza tulimtazama usoni. Kumbe hakuwa hata mrefu. Alizunguka meza, akapiga teke tofali moja, likamuumiza kidole, akaondoka.

Mwezi uliofuata walikuja wageni kutoka wilayani. Aliwatembeza huku ameweka mkono juu ya kichanja.

"Niliona akina mama wanaumia," alisema, "nikabuni hii."

Waliandika kila neno. Mtu ambaye hajawahi kuinama hata kuokota kofia yake.

Yule mama alirudi kazini, lakini mpaka leo hawezi kubeba ndoo kichwani. Wanawe humtekea maji. Msimamizi bado ni msimamizi. Jumapili, tunapotakiana amani kanisani, huwa nampa ncha za vidole tu.